Maswali yenu: mtoto kasimamishwa shule Marekani, ni kosa lake au ni rangi yake?

Meseji za wiki hii karibu zote ni za wazazi walioko Marekani na zote zinazunguka palepale, nidhamu shuleni na weusi wa mtoto. Nimechukua tano.

Kaka, mwanangu wa darasa la saba kasimamishwa siku tatu eti ana dharau kwa mwalimu. Hajapigana, hajaiba. Hii inaruhusiwa kweli? (Mama wa watatu, Columbus, Ohio)

Pole dada. Inaruhusiwa, ila sio kimyakimya. Na kesi iliyoweka hilo ilitokea hapohapo Columbus, mwaka 1971 wanafunzi walisimamishwa wakati wa vurugu bila kuulizwa chochote, ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, Goss v. Lopez, na 1975 majaji watano kwa wanne wakasema shule ya serikali hata ikimsimamisha mtoto siku kumi au pungufu lazima aambiwe kosa, akikataa aelezwe ushahidi wao ni upi, na apewe nafasi ya kusema upande wake. Ni maongezi ya dakika chache tu, sio mahakama, ila ukifika pale uliza: mlimsikiliza kabla au baada?

Halafu hilo neno dharau. Kupigana kunaonekana, kisu kinaonekana, lakini dharau iko kwenye macho ya anayetazama. Wengine tumelelewa kwamba ukisemeshwa na mkubwa unaangalia chini, ndo heshima, mwalimu wa huko anaona jeuri. California walianza na madarasa ya chini na tangu Julai 2024 hata sekondari shule haimsimamishi mtoto kwa ukaidi peke yake. Ohio hawajafika huko.

Sisi Wakongo, historia ya utumwa wa huku haituhusu. Mbona watoto wetu wanahesabiwa na Wamarekani weusi? (Baba, Louisville, Kentucky)

Mzee, fomu ya shule ina kiboksi kimoja cha weusi, haiulizi Bukavu wala Mississippi. Na kuhusu historia, mi nakupinga kidogo. Mei 1963 kule Birmingham, Alabama, walioandamana kupinga ubaguzi wa rangi na kukutana na mbwa wa polisi wengi wao walikuwa wanafunzi, na baadae bodi ya elimu ikawasimamisha au kuwafukuza zaidi ya 1,000 kwa kosa la kuandamana, mpaka jaji wa rufaa akaamuru warudishwe. Mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi wa rangi na asili ya taifa kwenye shule yoyote inayopokea hela za serikali kuu. Asili ya taifa, yaani wewe na Ukongo wako. Kwa hiyo inakuhusu bwana.

Mi niko Morogoro nafuatilia tu. Obama aliweka, Trump akatoa, nini hasa? (Msomaji)

Takwimu hakuna anayezibishia. Wakaguzi wa serikali walitoa ripoti 2018: weusi ni asilimia 15.5 ya wanafunzi wa shule za umma lakini ni asilimia 39 ya waliosimamishwa. Ugomvi uko kwenye maana yake. Januari 2014 serikali ya Obama ikaziandikia shule kwamba hata kanuni ikiwa moja kwa wote, ikiwaumiza wa rangi moja zaidi bila sababu ya maana, mnaweza kuchunguzwa. Wapinzani wakasema hapo mwalimu ataanza kuhesabu rangi badala ya makosa na darasa litamshinda. Yakaja mauaji ya risasi shuleni Parkland, Florida, 2018, watu 17, Trump akiwa madarakani, ikaundwa tume ya usalama wa shule chini ya waziri wa elimu DeVos na Desemba hiyohiyo waraka huo wa Obama ukafutwa. Aprili 2025 Trump akasaini amri ya kuifuta kabisa fikra hiyo ya kupima ubaguzi kwa matokeo.

Mi naona pengo la namba peke yake halimtii mtu hatiani, sawa, lakini wale wakaguzi walilikuta kwenye shule za matajiri na za maskini vilevile, kwa hiyo anayesema ni umaskini tu ajieleze vizuri.

Nafundisha huku, tumeambiwa tuache kusimamisha watoto tukae nao duara tuongee. Inasaidia? (Mwalimu)

Nusunusu. Pittsburgh waliijaribu na watafiti wakaipima vizuri: siku za kusimamishwa zilipungua na walimu walisema shule imetulia, ila matokeo ya darasa la sita hadi la nane yalishuka. Kuongea duara kunataka muda na watu, ukibandikiwa tu juu ya vipindi vyako ni mzigo.

Nilalamike wapi na nina muda gani? (Mama, Dallas)

Wizara ya Elimu ina Ofisi ya Haki za Kiraia, malalamiko hayana ada na huhitaji wakili, una siku 180 tangu tukio. Lakini 2025 walifunga ofisi 7 kati ya 12 za kanda, moja ni hiyo ya kwenu Dallas, kwa hiyo usikae ukisubiri wao tu. Anza na mkuu wa shule kwa maandishi, omba rekodi zote za mtoto, weka kopi. Na usisaini karatasi usiyoielewa, omba mkalimani, tena mtu mzima, maana ukimwachia mtoto akutafsirie kesi yake mwenyewe utaambiwa mwalimu amemsifia.