JIBU: Mgonjwa wa kisukari, presha na figo, kodi (namba ya ugonjwa) ipi itangulie kwenye fomu ya bima? Usiiguse hiyo E11.621

Mkuu, usiitume hiyo fomu. Narudia, usiitume. Mama wa miaka 58, kisukari aina ya pili, presha, figo zimefika hatua ya tano, kalazwa kwa sababu ya mguu uliooza na vidole vimekatwa, halafu unataka E11.621 (kisukari chenye kidonda cha mguu) iwe juu na I12.0 (presha iliyoharibu figo) ifuate kwa sababu programu ya kwenye simu imekuambia hivyo. Hilo swali lako la kuanza kusoma ICD-11, toleo jipya la orodha ya kimataifa ya kodi za magonjwa, liache kando leo, kwanza tuokoe hili faili.

Hiyo programu ni ya Wamarekani. Wao wana toleo lao, ICD-10-CM, walianza kulitumia kwenye madai yao Oktoba 2015, na kodi zao zinaweza kufika herufi na tarakimu saba. Sisi hapa Tanzania fomu hii tunaijaza kwa ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ambayo kwenye kisukari inaishia tarakimu moja tu baada ya nukta. E11 ni kisukari aina ya pili huku na kule, na ndiyo maana watu wananasa.

Sisi tuliletewa mtu wa kutufundisha, kalipwa vizuri, kaja na makabrasha ya Kimarekani mwanzo mwisho. Tulipomuuliza hizi tarakimu za ziada zinaenda wapi, akajibu: "Msihangaike, mfumo utazikata wenyewe." Na kweli mfumo ukazikata! E11.621 ikabaki E11.6.

Sasa fungua Juzuu ya 1 ya kitabu cha ICD-10 cha WHO, pale mwanzo wa kundi la kisukari, E10 hadi E14, usome ile orodha ya tarakimu ya nne, yaani ile ya baada ya nukta. Nukta 2 ni figo. Nukta 3 macho. Nukta 4 mishipa ya fahamu. Nukta 5 ni mzunguko wa damu wa pembeni, na humo ndimo kilimoandikwa kidonda cha kisukari na kuoza. Nukta 6 ni matatizo mengine yaliyotajwa, kama ya maungio. Yaani kwa Mmarekani kidonda cha mguu kinakaa kwenye 6, kwetu kinakaa kwenye 5. Ukikata tarakimu za mwisho hupati kodi fupi ya ugonjwa uleule, unapata ugonjwa mwingine.

Matokeo yake? Bima wakaona daktari wa upasuaji kakata mguu chini ya goti kwa mgonjwa ambaye, kwa kodi iliyoandikwa, mguu wake haujatajwa popote. Chumba cha upasuaji, nusu kaputi, chupa za damu, siku za wodini, vyote vikarudishwa bila kulipwa. Na si faili moja, ni wagonjwa wote wa vidonda vya kisukari wa kipindi kile. Daktari wa watu, mpole kuliko wote pale hospitalini, akaitwa kwenye kikao ajieleze kwa nini anakata watu miguu. Alitoka pale macho mekundu. Mtaalamu wetu wa makabrasha tukimpigia, simu haipatikani. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka, maana yule bwana bado anazunguka kufundisha.

Na hiyo I12.0 yako ina mtego wake. Mwongozo wa Kimarekani unaruhusu mwandika kodi kuchukulia kwamba presha na ugonjwa sugu wa figo vikikutana kwa mgonjwa mmoja, vinahusiana. Kitabu cha WHO kinataka figo ziwe zimeharibika kutokana na presha, na anayesema hivyo ni daktari, si mimi wala wewe. Kama daktari kaandika kwamba figo zimeharibiwa na kisukari, basi ni E11.2 pamoja na mwenzake N08.3 (figo za mwenye kisukari), unaongeza N18.5 kuonyesha hatua, na presha inabaki I10. N08.3 ina alama ya nyota, kwa hiyo haitangulii wala haisimami peke yake.

Kipi kitangulie? Kile hasa kilichofanya ahitaji matibabu. Ukisoma faili mpaka karatasi ya kuruhusiwa ukakuta daktari kautaja mguu kuwa ndio tatizo kuu, E11.5 inakaa juu, figo zinafuata. E11.7 ni pale tu daktari alipoorodhesha matatizo kadhaa ya kisukari kama tatizo kuu bila kutanguliza lolote. Usiikimbilie kwa sababu tu mgonjwa ana mambo mengi.

Mkuu, shika hili moja tu, mengine yote yasahau: hakuna kodi kuingia kwenye fomu kabla hujaisoma kwa macho yako kwenye Juzuu ya 1 ya WHO, pamoja na maelezo ya chini yake na yale ya mwanzo wa kundi. Hata kama umeiandika mara elfu. Juzuu ya 3 ni faharasa, inakuonyesha mlango tu. Na huna kisingizio cha kukosa kitabu, kiko bure kwenye tovuti ya WHO, hata kwa simu kinafunguka. Hiyo programu ifute leo.

Halafu mfuate daktari kabla hajatoka zamu, muulize figo za huyu mama zimeharibiwa na nini, aandike mwenyewe kwenye faili na asaini. Akishaandika, weka jibu lake hapa bila jina la mgonjwa, tuipange hiyo fomu pamoja kabla ya dirisha la madai kufungwa.