Ipe roboti menyu kabla ya kuitoa nyumbani

Roboti yangu ya kwanza ya kufuata mstari niliiunda usiku, chumbani Manyatta hapa Kisumu, chini ya balbu moja. Utepe mweusi wa mafundi wa stima juu ya kadibodi nyeupe, sensa 5 za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) mbele, Arduino Uno, yaani bodi ndogo ya kompyuta inayoendesha programu, katikati. Kadibodi ilisoma karibu 120 na utepe 780, kwa hiyo nikaandika 450 ndani ya programu kuwa mpaka wa nyeupe na nyeusi. Ilifuata mstari vizuri ajabu. Jumamosi nikapanda nayo matatu hadi Nakuru, kwenye ukumbi wa mashindano wenye madirisha makubwa upande wa mashariki, saa tatu asubuhi. Utepe ukasoma 410. Kwa roboti, mstari haukuwepo.

Jua lina infraredi nyingi, na kwa jinsi nilivyounganisha sensa zangu, mwanga ukizidi nambari hushuka. Nikabadilisha 450 kuwa 300, nikapakia programu upya, nikabadilisha tena, nikapakia tena. Zamu yetu ilipoitwa bado nilikuwa nimeinamia laptopu.

Kwa hiyo wewe unayeanza, nambari yoyote inayotegemea mahali usiifungie ndani ya programu. Mpaka wa nyeusi na nyeupe, katikati ya servo (mota inayogeuka hadi pembe uliyoiamuru), tofauti ya nguvu kati ya mota ya kushoto na ya kulia: zote ziweke kwenye menyu unayoifungua kwa kebo ya USB, uzirekebishe papo hapo bila kupakia chochote.

Herufi moja kwa kila kazi inatosha: s kwa sensa, v kwa servo, h kuhifadhi. Ukibonyeza Enter, monita ya seriali, yaani dirisha la laptopu la kuandikiana na roboti, inaweza kutuma pia alama za mwisho wa mstari, nazo programu itazisoma kama chaguo jingine. Alama hizo ni namba 10 na 13, zitupe. Skrini ikijaa alama zisizosomeka, angalia kasi ya mawasiliano kwanza. Programu ikiwa 115200, monita nayo iwe 115200.

Kazi kubwa iko kwenye s. Ionyeshe usomaji wa kila sensa kama mara 5 kwa sekunde, jicho liweze kuufuata, na kando yake nambari ndogo kabisa na kubwa kabisa zilizopatikana tangu uanze. Shika roboti kwa mkono, ipitishe juu ya mstari kushoto na kulia mara tatu nne, halafu programu ichukue katikati ya hizo mbili kuwa mpaka. Ifanye hivyo kwa kila sensa peke yake, kwa sababu hata zilizotoka pakiti moja hazisomi sawa. Kule Nakuru hiyo ingenichukua nusu dakika. Na kabla ya menyu kufunguka, mota zizimwe. Roboti iliyofungwa kwa kebo ikianza kukimbia juu ya meza, huanguka pamoja na laptopu.

Sasa kupokea nambari. Wengi hutumia parseInt, amri ya Arduino ya kusoma nambari iliyoandikwa, kwa kuwa ni rahisi, nami nilianza nayo. Husubiri sekunde 1, na usipoandika kitu inakurudishia 0, kana kwamba umeichagua mwenyewe. Siku moja niligeuka kuchukua bisibisi, servo ikapokea 0 badala ya 1500 (maikrosekunde za mpigo unaoiweka katikati), mkono wa roboti ukaenda hadi mwisho ukagonga fremu, na meno ya plastiki ndani yakakatika. Tangu siku hiyo nakusanya herufi hadi mwisho wa mstari, nahakikisha ni tarakimu, kisha napima kama nambari iko kati ya 1000 na 2000. Isipokuwa hivyo, ya zamani inabaki.

Kuhifadhi ni kwenye EEPROM, kumbukumbu ya kudumu ambayo kwa Uno yangu ina baiti 1024 na haipotezi kitu stima ikikatika. Ikiwa mpya, kila baiti ni 255, na ukiisoma kama nambari kamili ya baiti mbili unapata -1. Kwa hiyo tanguliza nambari ya utambulisho uliyoichagua, mwishoni weka jumla ya baiti zote, na roboti inapowaka izikague kabla ya kuamini chochote. Zisipolingana, itumie vipimo vya kawaida na ikwambie hivyo. Andika tu mtu anapobonyeza h. Kila baiti imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000. Programu inayoiandika upya mara 100 kwa sekunde inafika huko chini ya dakika 17.

Menyu yangu ya kwanza ilikuwa na maneno mafupi ya Kiingereza, na wanafunzi wa kidato cha pili ninaowasaidia walikuwa wakiniita kila hatua. Nikaiandika kwa Kiswahili: “Katikati ya servo sasa ni 1500. Andika mpya, 1000 hadi 2000.” Sentensi ndefu zilijaza RAM, kumbukumbu ya kazi ambayo ni baiti 2048 tu, na roboti ikaanza kujiwasha upya ovyo. Kuzizungushia F() kuliziacha kwenye flashi, kumbukumbu inayokaa programu, na tatizo likaisha. Siku hizi wakibonyeza p, vipimo vyote hutoka kwa mstari mmoja, nao huvinakili kwenye daftari pamoja na tarehe, saa, jina la ukumbi na upande madirisha yanakotazama.