Usikimbilie kuandika ret = 0

Mdogo wangu wa Kondele, Kisumu, umesema draiva yako (programu ya kerneli inayoendesha kifaa) ya kihisi cha joto la maji ya ziwa hurudisha kosa la ajabu mara moja moja, kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) iko kimya, na rafiki yako amekushauri uandike ret = 0 pale juu, yaani ukipe kigeu ret, kinachobeba jibu la kazi, sufuri tangu mwanzo, mambo yaishe. Tafadhali usifanye hivyo. Kwenye kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, sufuri maana yake kazi imefaulu. Kwa hiyo mvuvi anayetegemea kihisi chako atasomewa joto ambalo halikupimwa kabisa.

Tazama tena msimbo uliobandika: ret inapewa thamani ndani ya kitanzi (sehemu inayojirudia) kinachopitia chaneli za kihisi tu. Chaneli zikikosekana, kitanzi hakizunguki hata mara moja, na return ret inabeba takataka iliyobaki kwenye steki, kumbukumbu ya muda ya programu. Kwa hiyo kagua idadi ya chaneli kabla ya kitanzi. Ikiwa sufuri, rudisha -ENODEV, kosa la "hakuna kifaa". Kigeu chenyewe kiache bila thamani ya mwanzo, ili kompaila iweze kukuonya siku utakaposahau njia nyingine ambayo ret haipewi thamani.

Ukimya wa kompaila una sababu: tangu toleo la 5.7 la kerneli, la mwaka 2020, onyo hilo la kompaila ya GCC limezimwa kwenye ujenzi wa kawaida wa kerneli. Jenga kwa KCFLAGS=-Wmaybe-uninitialized, linalowasha onyo hilo tena. Utapata maonyo ya uongo pia, lakini yasome yote.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi: struct (kifurushi cha data) unayoipeleka kwa programu za mtumiaji kupitia copy_to_user umeitengea nafasi kwa kmalloc, isiyofuta yaliyokuwamo kwenye kumbukumbu. Tumia kzalloc, inayojaza sufuri kwanza, la sivyo mapengo yaliyo kati ya sehemu zake yatavujisha kumbukumbu ya kerneli kwa programu yoyote inayosoma kihisi.