Ofisi ya Wakili Mmoja: Linda Fedha za Mteja na Tarehe

Mdogo wangu, kama umeapishwa juzi na unataka kufungua ofisi yako mwenyewe hapa Mwanza, usianze na viti vya kuzunguka. Anza na akaunti mbili za benki: ya ofisi na ya wateja. Kanuni za mawakili zinalitaka hilo, lakini mimi nililiheshimu baada ya kuumia.

Mwaka wangu wa kwanza, mzee mmoja alivuka kutoka Ukerewe akaniachia fedha taslimu za kufungulia shauri la shamba. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba akaja kudai kodi. Nikazitumia, nikijiambia nitazirudisha kabla ya Ijumaa. Ijumaa ikafika, mfukoni hamna kitu. Nilikopa kwa shemeji nikafungua shauri. Mzee hakujua, ila mimi sikulala siku tatu. Tangu hapo fedha za mteja hazilali kwenye akaunti yangu hata usiku mmoja.

Makubaliano ya ada yaandikwe na yasainiwe siku ya kwanza, hata kama mteja ni mjomba wako. Awamu za malipo zipange kwa kufuata kipato chake. Wateja wangu wengi ni watu wa dagaa, pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inalala ufukweni na fedha hakuna. Zamani nilidai kila mwisho wa mwezi wa kalenda, tukagombana bure. Sasa nadai giza linapoelekea kwisha, na wanalipa bila kusukumwa.

Halafu tarehe. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi. Akija kwako siku ya 27, kazi ni ya usiku huohuo. Kila ukomo naandika mara mbili, kwenye simu na kwenye daftari kubwa la mezani, maana sina karani wa kunikumbusha. Na leseni ya uwakili huisha Desemba 31. Usisubiri sikukuu zikupitie.

Mwisho, tafuta wakili mwenzako unayemwamini. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 limefupisha safari ya Sengerema, lakini saa tatu asubuhi huwezi kuwa mahakama mbili. Mimi na mwenzangu hatudaiani: leo anasimama kwa niaba yangu, kesho nasimama kwa niaba yake.