Sabuni ipi inarudisha weupe wa taulo: ya unga, ya maji au ya kipande?

Muulizaji ameeleza kwamba taulo zake nyeupe za pamba zimefubaa hadi kuwa za kijivu, zimekakamaa, na baadhi zina mabaka ya rangi ya chungwa upande unaogusa uso na shingo. Amekwisha kujaribu sabuni ya maji, kisha dawa ya klorini ambayo wengi wetu tunaiita jiki, na mabaka yakazidi kukolea. Anauliza anunue sabuni gani. Jibu langu ni kwamba kwa taulo nyeupe za pamba anunue sabuni ya unga yenye dawa ya kupausha ya oksijeni, aitumie kwa maji ya moto, na aiweke jiki kando kabisa mpaka mabaka hayo ya chungwa yatoke, kwa kuwa yana tiba yake tofauti ambayo nitaieleza mwishoni.

Sikulipata jibu hili kwenye matangazo. Nilichukua taulo kuukuu iliyofubaa sawasawa pande zote, nikaikata vipande, nikatia uzi wa rangi tofauti kwenye pembe ya kila kipande ili nisije nikavichanganya, kisha nikavipaka vyote madoa yaleyale: chai ya rangi, mafuta ya kupikia, na faundesheni ya usoni. Kipande kimoja nilikifua kwa sabuni ya maji, kingine kwa sabuni ya unga ya kawaida, kingine kwa sabuni ya unga yenye oksijeni, na kingine kwa sabuni ya kipande, vyote kwa maji ya joto lilelile na kwa muda uleule wa kulowekwa. Kipande cha mwisho sikukifua, kikabaki kuwa cha kulinganishia. Vyote nilivianika pamoja kivulini, maana jua nalo hupausha, na kama kimoja kingepata jua zaidi ya vingine ulinganisho wote ungeharibika.

Doa la chai lilitoweka kabisa kwenye kipande kimoja tu, kile cha sabuni yenye oksijeni. Sabuni ya maji iliacha duara la hudhurungi hafifu, na sabuni ya unga ya kawaida iliacha duara kama hilo, ila jembamba zaidi. Kwenye mafuta mambo yaligeuka: sabuni ya maji ndiyo iliyoyatoa vizuri kuliko zote, hasa nilipoimimina moja kwa moja juu ya doa na kuiacha kidogo kabla ya kuloweka. Faundesheni ilizishinda zote nne kwa mkupuo wa kwanza, na sababu yake inaeleweka: rangi yake hutokana zaidi na oksidi za chuma, ambazo hazipauki kwa oksijeni wala kwa klorini, hivyo hakuna njia ila kuzing'oa kwenye nyuzi kwa sabuni na kufikicha. Mimi hutumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, naipaka kitambaa kikiwa kikavu, bila kutia maji kwanza, nafikicha kwa mswaki laini, ndipo nasuuza.

Jambo lililonifundisha zaidi nililiona usiku. Mchana, karibu na dirisha, kipande kilichofuliwa kwa sabuni ya unga ya kawaida kilionekana cheupe kuliko vyote, cheupe kinachoelekea buluu kidogo, hata nikadhani kimekishinda kile cha oksijeni. Taa ilipowashwa, weupe ule ulitoweka na kipande kikalingana kabisa na vile vilivyofubaa, ilhali kile cha oksijeni kilibaki cheupe vilevile. Sabuni nyingi zina kemikali za kung'arisha zinazoshika kwenye nyuzi, zikapokea mionzi ya urujuanimno ambayo jicho halioni na kuirudisha kama mwanga wa buluu unaofunika umanjano wa kitambaa. Dirishani mionzi hiyo ipo. Balbu nyingi za ndani hazitoi ya kutosha. Uchafu, kwa hiyo, ulikuwa bado umo ndani ya taulo. Bluu ya kufulia ya tangu zamani hufanya kazi kwa mtazamo huohuo wa kufunika umanjano, ingawa yenyewe ni rangi tu. Sioni ubaya wa kutumia vitu hivi kwenye shati, lakini taulo ni ya kujifutia mwili, na mimi ninataka itakate, si ionekane kana kwamba imetakata. Kwa hiyo ninamshauri kila anayelinganisha sabuni afanye uamuzi wake chini ya taa ya ndani.

Sasa kwa nini sabuni ya unga, na si ya maji? Dawa ya kupausha iliyo kwenye sabuni za unga kwa kawaida ni perkaboneti ya sodiamu. Ikiwa kavu hutulia, na ikikutana na maji huachana kuwa kaboneti ya sodiamu, ambayo ni jamii ya magadi, na peroksaidi ya haidrojeni, ambayo ndiyo inayovunja rangi ya doa. Kitu kinachovunjika kikigusa maji hakiwezi kukaa miezi mingi ndani ya chupa ya sabuni ya maji, na ndiyo maana sabuni za maji kwa kawaida hazina dawa hiyo, hata zile zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwamba zinang'arisha nguo nyeupe. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1907 kampuni ya Henkel ya Ujerumani ilianza kuuza Persil, sabuni ya unga iliyotiwa perboreti, dawa inayotoa oksijeni kwa namna inayofanana na hii tuliyo nayo leo. Soma orodha ya viambato nyuma ya pakiti. Ukikuta perkaboneti, au maelezo kwamba ina dawa ya kupausha yenye oksijeni, umepata unachotafuta. Usipoikuta, picha ya taulo nyeupe iliyo mbele ya pakiti isikushawishi.

Joto la maji lina uzito uleule kama sabuni. Perkaboneti katika maji ya baridi hufanya kazi kwa uvivu mkubwa. Huanza kuamka vizuri kwenye nyuzi 40 hivi za sentigredi, na kwenye nyuzi 60 ndipo inapoonyesha nguvu yake. Baadhi ya pakiti zimeandikwa TAED miongoni mwa viambato, nacho ni kiamshi kinachoiwezesha oksijeni kufanya kazi katika maji yenye joto la chini. Kwa anayefua kwa maji ya uvuguvugu, herufi hizo nne ni za kuzitafuta kwa makini.

Sabuni ya kipande ninaiheshimu kwa kola za mashati na soksi, lakini kwa taulo siipendekezi, hasa kwa anayetumia maji magumu. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo kwenye maji hayo hushikana na sabuni na kufanya utando usioyeyuka. Kwenye kitambaa laini utando huo huondoka na maji ya kusuuzia, lakini taulo ina vitanzi vya nyuzi vilivyosimama, na utando hujikita kwenye mashina yake, kila ufuaji ukiongeza tabaka jipya. Ukijivu na ukakamavu anaoulalamikia muulizaji, kwa sehemu kubwa, nadhani ni huo. Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Tandaza taulo iliyokauka mezani, dondoshea tone moja la maji, kisha tazama: pamba safi hulinywa tone papo hapo, lakini yenye utando huliacha limesimama juu kama shanga kabla ya kuzama. Njia nyingine ni kuiloweka taulo kwenye maji matupu ya moto bila sabuni yoyote na kuikorogakoroga kwa mti. Nilipoifanyia hivyo taulo iliyokuwa imetoka kufuliwa, povu lilipanda hadi ukingoni mwa beseni na maji yakawa ya kijivu yenye utelezi. Povu hilo lilikuwa la sabuni ya ufuaji uliopita, na uliotangulia huo.

Kwa hiyo kuongeza sabuni ili taulo itakate huleta matokeo kinyume. Pima kwa kikombe cha pakiti, wala usizidishe kwa sababu taulo ni nzito; zidisha maji ya kusuuzia. Mashine isijazwe hadi juu, taulo zipate nafasi ya kugeuka. Kilainishi cha nguo nacho kiachwe kabisa kwa taulo, kwani ulaini wake ni wa tabaka linalopakwa juu ya nyuzi, na tabaka hilohilo huifanya taulo isinywe maji na hushikilia uchafu.

Vimeng'enya vilivyomo kwenye sabuni nyingi za kisasa vinastahili neno fupi. Protizi huvunja protini za damu, jasho na maziwa, amilezi huvunja wanga, na lipezi huvunja mafuta. Vinapenda joto la wastani, na maji yanayochemka huviua, kwa hiyo sabuni yenye vimeng'enya haina faida ya ziada ukiitia kwenye sufuria inayotokota. Damu ianze kwa maji ya baridi daima, kwa maana joto huigandisha protini ndani ya nyuzi na doa likawa la kudumu.

Kuhusu jiki, ina mahali pake: vidoadoa vyeusi vya kuvu kwenye taulo iliyosahauliwa ikiwa mbichi hutoka kwa jiki iliyozimuliwa, wakati oksijeni huenda ikahitaji kurudiwa. Lakini hula pamba taratibu, hudhoofisha nyuzi za mshono, na inaweza kuyageuza manjano mapambo ya poliesta yaliyo ukingoni mwa taulo. Isichanganywe kamwe na siki, ndimu au asidi nyingine yoyote, kwa sababu hutoa gesi ya klorini, wala na amonia. Usiitie pia pamoja na perkaboneti ukidhani nguvu zitajumlishwa. Hubatilishana zote mbili. Na nyumba yenye mtu anayetumia sabuni ya kuua vijidudu yenye klorheksidini iwe na tahadhari zaidi, kwani mabaki yake kwenye taulo yakikutana na klorini hufanya madoa ya hudhurungi ambayo hayatoki.

Ufuaji wa kurudisha weupe mimi huufanya hivi. Taulo huoshwa kwanza kwa maji ya moto bila sabuni ili utando upungue. Kisha huchukua ndoo ya plastiki, natia maji ya moto yanayokaribia nyuzi 60, nayeyusha kijiko kikubwa kimoja cha perkaboneti tupu kwa kila lita mbili au tatu, na kuzizamisha taulo ili zisielee. Viputo vidogo huanza kupanda kutoka kwenye vitanzi mara moja. Ndoo haifunikwi kwa kukazwa, maana oksijeni inayotoka huhitaji njia, na mikono huvaa glavu. Naziacha hadi maji yapoe kabisa. Baada ya saa sita hivi nguvu ya dawa huwa imekwisha, hivyo kuziacha siku nzima hakuongezi kitu. Baadaye hufuliwa kwa sabuni ya unga yenye oksijeni kwa kipimo cha kawaida, husuuzwa mara mbili, na huanikwa juani zikiwa zimekung'utwa kwa nguvu ili vitanzi visimame. Taulo zilizofubaa kwa miaka huhitaji kurudiwa, na kila mara maji hutoka na rangi iliyo hafifu zaidi.

Yanabaki mabaka ya chungwa. Kwa kuwa yapo upande wa uso na shingo, na kwa kuwa yalikolea baada ya jiki, ninayashuku kuwa ya krimu ya kukinga jua. Krimu nyingi za aina hiyo zina avobenzoni, ambayo ikikutana na chuma kilichomo kwenye maji hufanya doa linalofanana na kutu, na klorini hulizidisha. Hapa dawa ni asidi, na lazima itangulie uloweko wa oksijeni, kwa sababu maji ya magadi hayakiachilii chuma kitoke. Kabla ya yote, taulo zilizokwisha kutiwa jiki zisuuzwe kwa maji mengi, mara kadhaa, hadi harufu ya klorini iishe kabisa. Hili ni la usalama wa anayefua, wala halina mkato. Kisha yeyusha kijiko kikubwa cha asidi ya sitriki kwenye kikombe cha maji ya moto, mimina juu ya baka, liache nusu saa likiwa bichi, na usuuze. Baka likiwa limefifia bila kuisha, rudia kabla taulo haijakauka. Lisipofifia hata kidogo, tumia dawa ya kutoa kutu kwenye nguo, ambayo mara nyingi huwa na asidi ya oksaliki, kwa kufuata maelekezo yake na ukiwa umevaa glavu, kwa kuwa ni sumu. Baada ya kusuuza asidi yote, ndipo taulo ziingie kwenye ndoo ya perkaboneti.