Bata mzinga hutolewa frizani Jumapili

Nyumbani vuli ni mvua. Huku Marekani, iwe Minnesota, Maine au Ohio, vuli ni majani kuwa mekundu na kupukutika, kisha jua nalo linaanza kukimbia. Ikifika Desemba, karibu saa kumi na nusu jioni jua la Minneapolis linazama na mtoto mdogo anadhani ni usiku. Kati ya Oktoba na Januari kuna Halloween, sikukuu ya Shukrani, Krismasi na Mwaka Mpya, na zote zinaweza kuwa siku tamu kwa familia iliyotoka Bukavu, Bujumbura, Kigoma au Mombasa, hata kama hamkukua nazo. Kinachoziharibu mara nyingi si uhaba wa pesa wala ugeni. Ni kuchelewa kuanza.

Nguo ndizo za kwanza. Ziende zikatafutwe mwanzoni mwa Oktoba, maduka ya mitumba yakiwa bado na saizi zote za watoto. Theluji ya kwanza ikishaanguka, kinachobaki ni buti za watu wazima na makoti yenye zipu mbovu. Mtoto huvalishwa tabaka tatu: ya ndani inayoshika mwili, ya kati ya sufu au flisi, na ya nje isiyopitisha upepo wala maji. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni fulana ya pamba kuwa tabaka la ndani. Mtoto anakimbia, anatoka jasho, pamba inalinyonya na kukaa nalo, na akisimama dakika kumi tu ameanza kutetemeka. Buti zijaribiwe dukani na soksi nene, vidole vipate nafasi ya kuchezacheza. Buti inayobana hupoza mguu kuliko buti nyepesi yenye nafasi. Kwa mikono, glavu zinazoacha kidole gumba peke yake na vinne pamoja ndizo zenye joto, kwa sababu vidole vinapashana.

Koti lile nene, hata hivyo, halifai kwenye kiti cha mtoto cha gari. Jaribu mwenyewe: mvishe koti, mfunge mkanda mpaka uone umekaza, kisha mtoe bila kuulegeza. Mvue koti, mrudishe kitini, funga tena. Mkanda ule ule sasa unaning'inia, na nafasi unayoiona ndiyo nafasi ambayo mwili wake ungeruka gari likigonga. Mfunge akiwa na sweta tu, kaza mpaka vidole vyako vishindwe kubana mkunjo wa mkanda begani, ndipo umvishe koti kinyumenyume, mikono mbele, juu ya mkanda.

Halloween, jioni ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita mlango kwa mlango wakiomba peremende, ni tarehe 31 Oktoba. Nyumba nyingi za Waislamu na za walokole haziisherehekei, na hakuna haja ya kugombana na majirani kwa hilo: zima taa ya mlangoni jioni hiyo, watoto wataelewa na kupita. Lakini maboga ni ya kila mtu. Yale makubwa ya rangi ya chungwa yanayouzwa mbele ya maduka yamekuzwa kwa kuchongwa nyuso na kuwekwa taa ndani. Nyama yake ina maji na nyuzi, na ukiyapikia nazi utalaumu mkono wako bure. Kwa futari chukua boga dogo linalouzwa kwa ajili ya pai, au lile la kijani liitwalo kabocha, ambalo nyama yake ni kavu na tamu, karibu kabisa na maboga yetu. Boga la kuchongwa lichongwe siku mbili au tatu kabla ya tarehe 31, si mapema zaidi, maana ndani ya wiki huanza kuoza na kunywea. Kata tundu chini badala ya juu, litakaa imara na hutaingiza mkono kwenye moto. Na taa ya betri ni salama kuliko mshumaa kukiwa na watoto waliovaa nguo zinazoburura. Mbegu usizitupe. Zioshe, zichemshe dakika kumi kwenye maji ya chumvi, zikaushe kwa taulo, kisha oveni kwenye 175°C kwa dakika 15 hadi 20, ukizigeuza mara moja.

Sasa tufike kwa bata mzinga, chakula kikuu cha sikukuu ya Shukrani, maana hapo ndipo machozi ya Alhamisi asubuhi yanapotoka. Shukrani ya Marekani huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Hesabu nusu kilo na kidogo kwa kila mlaji, kwa hiyo ndege wa kilo 6 anatosha watu kumi. Mkitaka wa halali, agizeni kwa mwenye bucha wiki mbili au tatu kabla. Aliyegandishwa huyeyushwa ndani ya friji, saa 24 kwa kila kilo 2. Kilo 6 ni siku tatu kamili, ongeza moja ya akiba, ndiyo maana hutolewa frizani Jumapili. Mweke rafu ya chini kabisa, ndani ya sinia lenye kingo, kwa sababu maji yake yakidondokea kachumbari mmepata ugonjwa wa tumbo. (Walio Kanada husherehekea Jumatatu ya pili ya Oktoba, kwa hiyo kwao hutolewa Alhamisi.)

Ukisahau, kuna njia ya pili: mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya plastiki yake isiyovuja, nusu saa kwa kila nusu kilo, na ubadilishe maji kila baada ya nusu saa. Wa kilo 6 atachukua saa sita, na apikwe papo hapo. Kumwacha juu ya meza usiku kucha si njia. Nje anapata joto linalozalisha vijidudu huku ndani bado ni jiwe.

Usimwoshe kwenye sinki. Najua kwetu nyama isiyooshwa ni uchafu, lakini maji yanayoruka yanatapanya vijidudu vyake kwenye vyombo na vyakula vya karibu, na moto wa oveni unaviua bila msaada wa bomba. Mpanguse kwa karatasi ya jikoni. Kisha ingiza mkono matundu yote mawili, la nyuma na la shingoni, utoe shingo na kifuko cha maini na firigisi. Kifuko hicho kimeokwa ndani ya ndege katika nyumba nyingi mno.

Jumatano jioni mpake chumvi ya chembe kubwa, kijiko kimoja cha mezani kwa kila kilo 2, na umwache frijini bila kumfunika ili ngozi ikauke na kesho iwe kavu ya kukwaruza. Soma lebo kwanza: ikisema ameshatiwa maji ya chumvi kiwandani, ruka hatua hii. Kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa vipenyeze chini ya ngozi, pamoja na siagi kidogo. Juu ya ngozi vitaungua na kuwa vichungu kabla nyama haijaiva. Pilipili manga na bizari zinaweza kukaa juu.

Oveni iwe 160°C, yaani 325 kwa vipimo vya Kimarekani. Bila kumjaza kitu ndani, wa kilo 6 huchukua saa tatu hadi tatu na robo tatu. Saa lakini haiivishi nyama. Nunua kipimajoto, kichome kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, kisha kwenye kidari, na usimtoe kabla ya 74°C. Wanaosema bata mzinga hana ladha wamekula kidari kilichopitiliza. Kikishapata rangi kifunike kwa foili, paja liendelee. Akitoka, mwache nusu saa kabla ya kumkata ili maji yake yatulie ndani. Nusu saa hiyo pilau inamaliziwa na kachumbari inakatwa, na oveni iko wazi kwa viazi.

Mabaki yaingie frijini ndani ya saa mbili, yaliwe ndani ya siku tatu au nne. Mifupa ichemshwe na kitunguu, iliki na mdalasini, na Ijumaa supu hiyo, vikombe vitano kwa vikombe vitatu vya basmati iliyolowekwa, inatoa pilau ambayo watoto wataipenda kuliko bata mwenyewe.

Krismasi inakuja na mahamri, na mahamri ya winta yanakataa kuumuka. Hamira si mbovu. Jiko ndilo la baridi. Washa taa ya ndani ya oveni tu, bila moto, weka bakuli la maji ya moto rafu ya chini na unga uliokandwa rafu ya juu, ufunikwe. Utaumuka kama uko Tanga. Unga wa chapati nao ukandwe kwa maji ya uvuguvugu, upumzike angalau dakika 40, la sivyo utarudi kila ukisukumwa.

Nyama choma ni ya nje, kwenye hewa, hata kama ni baridi kali. Jiko la mkaa halikubaliki ndani ya nyumba wala gereji, hata mlango ukiwa wazi, hata makaa yakionekana yamefifia. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi (carbon monoxide), na nyumba za huku zimezibwa kila ufa ili zitunze joto. Mtu anaumwa kichwa, anapata kichefuchefu, analala, haamki. Hakikisha king'ora cha gesi hiyo kipo karibu na vyumba vya kulala na betri yake ni nzima.

Simu za nyumbani pia zina hesabu yake. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa za huku hurudishwa nyuma saa moja, za kwetu hazibadiliki. Kutoka Minneapolis, Nairobi na Dar es Salaam huwa mbele kwa saa tisa badala ya nane. Lubumbashi na Bujumbura kwa saa nane. Ukipiga saa tatu asubuhi ya Krismasi, bibi yuko Dar saa kumi na mbili jioni, amekula, ametulia, na wajukuu bado wana nguvu za kuimba.

Kuhusu theluji, watoto watoke. Kukaa ndani miezi mitano kunawachosha kuliko baridi. Angalia joto linalohesabiwa pamoja na upepo: likifika karibu na -28°C, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na siku hiyo mchezo uwe wa sebuleni. Siku za kawaida waite ndani kila baada ya dakika 20 au 30, uguse vidole, masikio na pua. Kwa ngozi nyeusi usingoje wekundu. Tafuta sehemu iliyopauka au kuwa ya kijivu, na muulize kama anahisi ukimgusa. Ikiwa na ganzi, usiisugue na usiisogeze kwenye hita. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu, yale ambayo kiwiko chako kingeyaona yanafaa kumwogeshea mtoto mchanga, na hisia zisiporudi au ngozi ikiwa ngumu, mpeleke hospitali usiku huo huo.