Soma buti kwanza: kwa mnaoanza kazi ya ortotiki (vifaa vya kushika na kusaidia viungo) kambini

Mwanajeshi akiingia kliniki, mwambie avue buti kabla hujamuuliza lolote, kisha ligeuze utazame soli. Juu litakuwa linang'aa hadi ujione uso, kwa maana huko ndiko afande wake hukagua kila asubuhi. Chini hakuna anayekagua, na habari zote ziko huko. Kisigino kulika kidogo upande wa nje si neno, karibu sote tunakanyaga hivyo. Lakini soli ikiwa imelika upande wa ndani, na shingo ya buti nayo imelalia ndani, jua wayo unaporomoka. Ncha ya buti moja ikiwa imekwaruzika na ya pili ni nzima, huyo anaburuta vidole, na kabla hajakwambia "ni uchovu tu, daktari", wewe uwe umeshaanza kufikiria neva. Tazama na kamba. Aliyeruka matundu mawili katikati ana uvimbe au kidonda juu ya wayo, hata akikana.

Na atakana. Hili halikuwa kwenye masomo yangu nilipokuwa TATCOT, chuo cha mafundi wa vifaa vya mifupa kule Moshi, Tanzania, ndani ya uwanja wa hospitali ya KCMC. Mgonjwa wa hospitali ya kawaida huja na malalamiko kumi, nawe unayachuja hadi ubaki na mawili ya kweli. Wa kambini huja na nusu ya lalamiko. Karatasi ya kazi nyepesi yaweza kumkosesha kozi, au cheo alichokingoja miaka minne, au nafasi katika kikosi kinachokwenda nje. Tangu majeshi yetu ya Kenya yalipovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, nimekutana na vijana kadhaa waliokuwa radhi kutembea na ufa wa mfupa ili majina yao yasitolewe kwenye orodha. Siwalaumu. Posho ya safari moja humaliza nyumba ya mzazi kijijini. Ila kazi yako si kusikiliza orodha.

Mimi ni raia. Sina sare wala nyota, na kwa miaka mingi nimekuwa msimamizi wa mafundi wenye sare katika kliniki ya kambi moja si mbali na Nakuru. Ninayowaandikia hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia wiki ya kwanza, badala ya kunionyesha tu kabati la funguo na mahali pa kunywea chai.

Chukueni ugoko. Kurutu atakuja wiki ya nne au ya sita ya mazoezi akisema ugoko unamuuma. Usikimbilie kumkatia soli za ndani. Pitisha kidole kimoja kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, polepole, kutoka chini ya goti hadi kifundoni, huku ukimtazama usoni wala si mguuni. Maumivu yakienea urefu wa kiganja, huenda ni misuli na utando wa mfupa vimelemewa, na mapumziko pamoja na buti linalomtosha vitamsaidia. Akishtuka mahali pamoja tu, penye upana wa ncha ya kidole, msimamishe hapo hapo na umpeleke kwa daktari, kwa sababu huo unaweza kuwa ufa. Eksirei ikirudi safi usishangilie. Ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye picha wiki mbili tatu za mwanzo. Niliwahi kumwona kijana aliyepewa soli laini kwa ugoko wa aina hiyo. Akasikia nafuu siku tatu, akaenda kukimbia na mzigo mgongoni, mfupa ukakatika njiani. Soli ile ilikuwa imekatwa vizuri kabisa. Ubaya wake ni kwamba ilimnyamazisha.

Kuhusu nyayo bapa nitasema kidogo tu: bapa isiyouma haidai chochote kutoka kwenu. Robo ya foleni yenu itakuwa watu walioambiwa na mwenzao bwenini kwamba wanahitaji soli maalumu. Waonyesheni namna ya kufunga kamba, wapimieni buti alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, muwaache waende.

Sasa kosa langu. Nilikuwa nimepewa usimamizi miezi minne tu, katika kituo kingine. Sajini mmoja aliumia kifundo, akahitaji kifaa cha plastiki cha kushika kifundo na wayo, kile kinachopanda nyuma ya shavu la mguu hadi chini ya goti. Fundi alichukua kipimo vizuri, kifundo nyuzi 90, plasta laini bila mikunjo. Alisahau jambo moja. Hakuweka alama ya penseli juu ya kinundu cha ule mfupa mwembamba wa nje, chini kidogo ya goti. Pasipo alama kwenye ngozi hakuna alama inayohamia ndani ya plasta, na pasipo alama hakuna aliyekumbuka kuongeza plasta mahali hapo kwenye kalibu, ile sanamu ya mguu. Plastiki ikavutwa, ikapoa, ikabana pale pale neva inapouzunguka mfupa ikiwa imefunikwa na ngozi peke yake. Mimi nikapita, nikatazama kifundo kwa sababu kilichoumia ni kifundo, nikatia sahihi.

Sajini alikivaa wiki mbili. Aliporudi, dole gumba lilikuwa haliinuki na juu ya wayo pamekufa ganzi. Tulikuwa tumetengeneza kilema kipya juu ya jeraha lililokuwa linapona. Nikamuuliza mbona hukusema?

"Afande aliniambia kitabana mwanzoni, nivumilie."

Huyo afande hakuwahi hata kukiona kifaa chenyewe. Wayo ule ulichukua karibu miezi mitano kuinuka tena, na kila nilipomwona sajini akivuka uwanja, wayo ukipiga chini kama mlango, nilikuwa natafuta njia nyingine ya kupita.

Tangu hapo sitii sahihi kwa macho. Napapasa kwa dole gumba langu mwenyewe: vinundu viwili vya kifundo, mfupa ulio juu ya uvungu wa wayo, mzizi wa kidole kidogo, na kile kinundu cha chini ya goti. Kisha nampa mgonjwa dakika 20 atembee ukumbini akiwa amevaa kifaa na buti, si kifaa peke yake. Anakivua, tunaitazama ngozi pamoja. Wekundu si dhambi, lakini usipofifia ndani ya nusu saa, kifaa kinarudi karakana, hata kama gari la kambi linamngoja nje likinguruma. Siku ya kwanza anakivaa saa moja hivi, halafu anaongeza kidogo kidogo. Na nimejifunza namna ya kumwambia. Nikisema "ukisikia kinabana ni vizuri ukivue", ataenda kuvumilia. Nikisema "hii ni amri: kikibana, vua, na uje siku hiyo hiyo", atakuja. Wamefundishwa kutii amri, basi wape amri.

Kuwasimamia mafundi wenye vyeo ni kazi ya pili ndani ya kazi ya kwanza. Fundi wako hodari zaidi anaweza kuwa sajini aliyekuzidi miaka kumi, mwenye mikono ambayo hutaipata kamwe. Usimsahihishe mbele ya koplo, sembuse mbele ya kurutu. Mwite kwenye sinki la kuoshea plasta, fungua maji yapige kelele, sema: "Afande, hebu tuitazame hii pamoja." Mara nyingi kabla hujaonyesha chochote ameshaliona kosa, naye atalirekebisha bila neno. Asipoliona, mweleze, lakini usisalimu amri kwa sababu ya mistari begani mwake. Yeye ni mkubwa wako huko uwanjani. Kifaa kikimuumiza mtu, jina litakaloulizwa ni la aliyetia sahihi.

Makamanda nao hawahitaji ugomvi, wanahitaji karatasi inayosomeka. Zamani nilikuwa naandika majina marefu ya magonjwa, meja ananipigia simu: "Daktari, huyu mtu anaweza kulinda lango au hawezi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Sasa naandika kwa lugha ya kazi yao: anaweza kusimama saa mbili, asikimbie, asibebe zaidi ya kilo tano, avae raba badala ya buti, tumwone tena baada ya wiki tatu. Ugonjwa wenyewe unabaki kwenye faili, huko hauna haja ya kusomwa na kila karani. Meja akishinikiza umruhusu mtu wake kabla ya wakati, usibishane kwenye simu. Mwombe kwa heshima aandike, nawe utajibu kwa maandishi. Katika miaka yote walioandika ni wawili.

Karakana. Nakuru, wenyeji wanasema, jina lenyewe kwa Kimaasai ni la vumbi, na ukikaa hapa Januari na Februari hutabisha. Vumbi hujaa kwenye kanda za kunata hadi zikaacha kunata, na likiingia kati ya bitana na ngozi wakati wa matembezi marefu hufanya kazi ya msasa. Mpe mwanajeshi soksi ndefu mbili za kubadilisha, na brashi ya meno kuukuu ya kusafishia ukanda. Plastiki nayo ina tabia zake. Bamba la polipropilini likiingia kwenye oveni ni jeupe kama maziwa. Likiwa tayari linageuka angavu kama kioo, na hapo una muda mfupi sana wa kulilaza juu ya kalibu na kuwasha pampu ya kufyonza hewa. Kama bado kuna wingu katikati, subiri. Stima ikipotea bamba likiwa nusu, litoe na uanze upya siku nyingine, usijaribu kulilazimisha. Nimeona vifaa vilivyolazimishwa vikipasuka kwenye kifundo ndani ya mwezi. Na mwaka wa fedha unaanza Julai 1: orodha ya bamba za milimita 4 na 5 iwe mezani kwa mhasibu mapema, la sivyo Septemba utakuwa unakata vifaa vya watu wazima kutoka kwenye vipande vya watoto.

Nimetaja watoto. Wengi hudhani kliniki ya kijeshi ni ya majeruhi wa vita, ila asubuhi nyingi benchi limejaa akina mama wa nyumba za familia, na wastaafu wenye kisukari. Mzee wa kisukari asipouhisi uzi wa kupima hisia, ule unaopinda kwa msukumo wa gramu 10, ukimgusa chini ya wayo, usimwulize kiatu kinabana wapi. Hajui. Tia mkono wako ndani ya kiatu.

Watoto wenye miguu iliyopindia ndani tangu kuzaliwa tunawatibu kwa njia ya Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi yake huko Iowa, Marekani. Plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita, na mara nyingi daktari hukata kano ya kisigino. Kisha huja viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau: mguu uliokuwa umepinda ukitazama nje nyuzi 60 hadi 70, mzima nyuzi 30 hadi 40. Saa 23 kwa siku miezi mitatu ya mwanzo, halafu usiku na usingizi wa mchana hadi mtoto afike miaka minne. Plasta haitushindi. Uhamisho ndio hutushinda. Baba anaambiwa Jumatatu, Ijumaa familia iko kambi nyingine, na upau unabaki chini ya kitanda kwa sababu mtoto analia na hakuna wa kumuuliza. Mwaka mmoja baadaye mguu umerudi ulikotoka.

Kwa hiyo mama wa namna hiyo simwachi aondoke na kadi tu. Namwandikia ukurasa mmoja: nyuzi za kila mguu, urefu wa upau, tarehe ya plasta ya mwisho, viatu vinapaswa kubadilishwa lini, ili fundi asiyemjua aendelee pasipo kupiga simu. Namfunza kukaza ukanda wa katikati kwanza, kabla ya kamba, na kuhakikisha kisigino kimekaa chini. Namwambia, "Mama, atalia siku mbili tatu, usimfungulie." Baba akiwepo namwambia vilevile, maana akina baba ndio hufungua usiku kwa huruma.

Kile kifaa cha sajini ninacho bado. Nilikiomba nilipohamia hapa, kiko kwenye rafu ya juu karakana, kimefifia na ukanda mmoja umekatika. Mkifika siku ya kwanza nitakishusha niwape mkononi na kuwauliza kina kasoro gani. Wengi huanza kupapasa kifundo.